Baridi Isiyo na Habari

Familia yetu ilipoanza kupata pato la kueleweka, babangu alianza kuvaa sweta. Sweta la sufu, la kahawia, lenye vifungo, ndani ya nyumba ya Mji wa Kale Mombasa, tena wakati wa kaskazi, joto la kufanya hata paka watafute saruji yenye unyevu wajilaze chali. Mgeni akiingia sebuleni alimkuta mzee amejikunyata kitini, kofia ya vito iliyodariziwa kichwani, sweta limefungwa mpaka kooni, akadhani ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyefanikiwa.

Mtoto huyo ni kakangu. Kazi yake ni wakala wa forodha, hapo Kilindini, kuwatolea watu makontena yao bandarini. Alianza kwa kuhangaika na baiskeli na faili kwapani. Benki zilikuwa hazimtaki. Alipoomba mkopo waliuliza hati ya shamba, mdhamini, na nusura waulize nasaba ya bibi yetu. Kisha biashara ikashika. Ghafla benki zile zile zikawa zampigia simu zenyewe, kwa sauti nyororo, kumuuliza kama hana haja ya mkopo kidogo. Akaninunulia mimi simu. Akajinunulia gari ambalo haliwezi kuingia kichochoro chetu, likawa lalala kule Ngomeni na yeye aja nyumbani kwa miguu, jasho lamtiririka, funguo za gari mkononi. Akanunua friji la milango miwili, ambalo lilibidi liingizwe kwa kung'oa mlango mmoja wa nyumba. "Nchi yakua," alisema kila alipoleta kitu, "na sisi tukue nayo."

Mimi wakati huo nilikuwa nikifanya kazi mchana na jioni nikisoma shahada ya pili. Utafiti wangu ulikuwa na jina refu: namna ukuaji wa fedha na utawala unavyoathiri hewa ya kaboni katika nchi zinazoendelea. Babangu aliniuliza maana yake siku moja akinywa chai.

"Ni hivi, Baba. Watu wakipata pesa na mikopo, hununua vitu, na vitu hula umeme na mafuta, moshi ukazidi. Basi twatazama kama utawala mwema waweza kuupunguza."

"Kwa hivyo wasomea moshi."

"Siyo moshi tu. Na utawala pia."

"Basi ni moshi mara mbili," akasema, akaomba mahamri.

Sasa niwaeleze mahali penyewe, kwani bila hapo hamtaelewa lile sweta. Kichochoro chetu ni chembamba. Wawili wakipishana na makapu ya sokoni, mmoja lazima ajibane ukutani na kusema samahani. Mbele ya nyumba yetu pana baraza ya mawe, na mbele ya nyumba inayotazamana nasi pana nyingine. Nyumba hiyo ya pili ni ya mzee ambaye tangu utotoni namwita Ami, ijapokuwa si ndugu wa babangu kwa damu. Walikuwa makarani pamoja bandarini hadi wakastaafu. Ami ni mjane. Mkewe alifariki zamani, na mwanawe anakaa gorofani Tudor. Kila baada ya sala ya alasiri yeye na Baba walikaa kwenye baraza yetu wakicheza dhumna. Muuza kahawa alipita na birika lake, wazee wengine wawili watatu wakajiunga, Ami akasimulia, na Baba akabisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya uzeeni, na waliifanya kwa bidii kuliko walivyofanya ile ya bandarini. Babangu ni mtu mgumu, hapendwi na kila mtu, nami ni bintiye nasema. Rafiki alikuwa na mmoja tu.

Upande wa ndani wa ukuta wa baraza yetu ndiko kuliko chumba cha Mama. Kitanda chake kiko chini ya dirisha la vibao, na baraza iko upande wa pili wa dirisha. Mama ana presha. Mwaka ule daktari alimwambia apumzike sana, mahali penye ubaridi. Kakangu aliposikia neno ubaridi, hakungoja tufike kwenye orodha ya dawa. Kesho yake alasiri fundi alikuwa mlangoni na kiyoyozi.

Siku hiyo Ami alikuwa katikati ya kisa. Kilikuwa kisa cha bwana arusi mmoja wa Tononoka, zamani, aliyetoka asubuhi ya siku ya nikaha akisema aenda kunyoa ndevu, kisha asionekane. Wazee wameinama wamsikiliza, bi arusi keshapambwa, wageni wameanza kunong'onezana, baba wa bi arusi ashika bakora. Hapo fundi akawasha keekee kutoboa ukuta. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, unene wake mkono mzima. Keekee ililia, ikatoa vumbi, ikavunjika, akaleta nyingine. Kisa kikakatika, wazee wakatawanyika wakipangusa kofia zao.

Sanduku la nje la kiyoyozi likatundikwa juu ya baraza, sawasawa na kichwa cha Baba. Fundi aliapa hapana pengine pa kulitia. Dirisha la vibao likafungwa, nyufa zikazibwa kwa gundi, na chumba cha Mama kikawa baridi mpaka maji ya kunywa yakawa hayana haja ya friji la milango miwili. Kakangu alisimama mlangoni na rimoti, macho yamemjaa machozi ya furaha.

"Waonaje, Mama?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Na kila aliyemuuliza tangu siku hiyo, "Walala vizuri?" jibu lilikuwa moja: "Nalala, alhamdulillahi." Kwetu zawadi ya mtoto haikosolewi. Ukiletewa na mwanao kanzu ya kukubana utavaa na kumwombea dua.

Huko nje mambo yalikuwa mengine. Ami alikaa siku mbili chini ya lile sanduku, likimpulizia joto kisogoni. Siku ya tatu akasema, "Yakhe, nyumba yako yanipumulia."

"Ni ya mama watoto," Baba akajibu, kichwa chini. "Ana presha."

"Mungu ampe afya," akasema Ami, na kwa adabu yake hakulitaja tena. Alihamia baraza yake upande wa pili. Huko ilikuwa balaa zaidi, kwani sasa upepo wa moto ulimjia kifuani moja kwa moja. Muuza kahawa alisema makaa yake hayana kazi katika mtaa huu, akabadilisha njia. Mmoja mmoja wazee wakapotea. Babangu, asiyekuwa na pa kukaa, akaingia ndani kukaa na mkewe kwenye baridi. Ndipo lilipotoka lile sweta.

Kichochoro kikijaa joto, jirani naye hufunga madirisha. Akifunga madirisha huungua. Wa kwanza kununua chake alikuwa mama mmoja mwenye mwana Uarabuni. Kisha ikaja kampuni moja ya kukopesha kwa simu. Wabonyeza, kiyoyozi chaletwa, walipa kidogo kidogo mpaka ukome. Kila sanduku lililotundikwa lilizaa jingine. Hata Ami, mwanawe alimtundikia moja juu ya mlango, na masanduku mawili yakawa yatazamana uso kwa uso, letu lapulizia lake na lake lapulizia letu. Nilikuwa nikipita hapo nikirudi masomoni, nikitoka jasho, na begani nimebeba kitabu chenye sura nzima kuhusu jambo hilo hilo.

Ilipofika wakati wa mwezi wa Ramadhani, transfoma ya mtaa ikatoa mlio mmoja mkubwa, ikazima. Watu tukakaa gizani tukisikia kila nyumba yasema "Lo!" kwa wakati mmoja. Kakangu hakukubali kushindwa. Akaleta jenereta, akaliweka kwenye ujia, likaunguruma na kutoa moshi mweusi uliopanda ukutani ukaacha alama ambayo ipo mpaka leo.

"Hebu ndoo huku!" Baba aliniita kwa sauti kubwa. "Ndoo, mwanachuoni, masomo yako yamekuja nyumbani. Huna haja ya kwenda kuyafuata."

"Baba, huu ndio utafiti wenyewe."

"Na huo utawala mwema uko wapi? Niambie niende nikaupokee, au kakako auzuilia forodhani?"

Utawala ulikuja, msidhani haukuja. Kwanza ulikuja kwa sura ya kamati. Watu wa mtaa walikubaliana waunde kamati ya kupambana na joto, wakamchagua mwenyekiti, bwana mmoja mwenye sauti nzuri ya mikutano na masanduku mawili ukutani kwake. Mkutano wa kwanza uliitishwa barazani, ukashindikana kwa sababu ya joto. Ukahamishiwa sebuleni kwa mwenyekiti, viyoyozi vyote viwili vikawashwa, na hapo wajumbe wakajadili kwa utulivu mkubwa ubaya wa viyoyozi. Babangu alihudhuria na sweta lake. Alisema ndiye peke yake aliyekuja amejiandaa. Azimio lilikuwa kwamba kila mmoja apunguze, wakaanza kutazamana nani aanze, mpaka sambusa zikaletwa.

Kisha ulikuja kwa sura ya afisa. Huyu alikuwa na shughuli ya kulinda sura ya majumba ya kale, na kwa hakika palikuwa na sheria: sanduku la chuma lisionekane mbele ya nyumba ya kale. Nilifurahi sana siku hiyo. Nilimkaribisha maji, nikamwonyesha kila ukuta, nikamwambia katika sura yangu ya tatu nimeandika kwamba nchi zenye sheria zinazofuatwa hupunguza uchafu wa hewa. Akasema vizuri sana, dada. Akapiga picha, akaandika, akaamuru masanduku yasionekane tena, akaenda zake.

Basi hayakuonekana. Mtaani kuna seremala achongaye milango ya kizamani, na kazi yake ilikuwa imedorora. Sasa akapata maagizo mpaka akaongeza mafundi. Alichonga makasha ya mbao ya kufunika yale masanduku, yenye maua na mikufu, na moja, la mwenyekiti, lilikuwa na neno Mashallah juu yake. Afisa aliporudi alitazama huku na huku, akatabasamu, akasema mtaa huu ni mfano kwa wengine. Sheria ilikataa sanduku lionekane, haikukataa lipumue. Na likiwa limefungiwa ndani ya kasha la mninga, maskini, likawa lapumua kwa shida zaidi, likila umeme zaidi, na joto latoka kwenye matundu ya maua kwa uzuri tu.

Nilimweleza mwalimu wangu wa chuo. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema niendelee kukusanya takwimu.

Lakini miye jambo lililokuwa likiniuma halikuwa takwimu. Babangu alikuwa akinyauka. Yeye na Ami walikuwa wanapigiana simu, watu wawili ambao wangefungua milango yao wangeweza kupeana mkono. Walijaribu kucheza dhumna kwa simu, kila mmoja na vipande vyake.

"Naweka sita mbili," Baba alisema.

"Sita mbili ninayo miye."

"Utakuwaje nayo ilhali naiona hapa?"

"Kila mmoja ana seti yake, ewe mzee!"

"Basi waniibia."

"Nakuibiaje na niko kwangu?"

Simu zikakatwa kwa hasira, na siku mbili nzima hawakusemezana. Baba alikaa pembeni mwa kitanda cha Mama, ametulia. Babangu kutulia ni jambo la kutisha. Mama naye alilala kimya amejifunika shuka mbili na blanketi, akitazama lile dirisha lililozibwa.

Ndipo habari ikaja. Mwanawe Ami amesema mtaa huu haukaliki tena, joto nje na upweke ndani, na baba yake ana kifua; Ijumaa baada ya sala aja kumchukua akakae naye Tudor, gorofa ya nne. Ami mwenyewe ndiye aliyemwambia Baba, kwa simu. Baba alisikiliza, akasema, "Kheri, inshallah," akaiweka simu juu ya meza kwa uangalifu. Halafu akaniambia, "Gorofa ya nne. Atakaa na nani huko? Atamsimulia nani, lifti?" Nikaingia jikoni nikalia kidogo na vitunguu vikanisaidia.

Nilitaka kumwambia azime kile kitu. Lakini angezimaje? Ni cha mkewe, ana presha, na analala, alhamdulillahi. Kakangu naye angevunjika moyo. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na joto lilikuwa la wote.

Alhamisi, baada ya alasiri, Ami alikuja kuaga. Alipiga hodi, akaitikiwa karibu, akaulizia hali ya Mama, na kwa heshima akaingizwa chumbani kwake pamoja na Baba, kakangu na mimi. Alivaa kanzu safi. Baridi ilimpiga akapiga chafya, Baba akavua sweta akampa. Ami akalivaa juu ya kanzu. Tukakaa tukiangalia chini.

"Basi shemeji," akasema Ami kumwambia Mama, "nimekuja kukuomba radhi. Tumekaa vyema miaka mingi. Kesho mwanangu yuwaja."

Mama alijiinua akaegemea mto. "Mungu akufikishe salama. Lakini kabla hujaenda, nina neno nataka kukuuliza."

"Sema, shemeji."

"Yule bwana arusi wa Tononoka. Alirudi, au hakurudi?"

Ami alimtazama Baba, Baba akanitazama mimi.

"Wewe kisa hicho umekisikia wapi?" Baba akauliza.

"Nimekisikia wapi? Nimelala chini ya dirisha hili tangu siku niliyoolewa! Kila alasiri nawasikiliza. Nani kaoa, nani kaacha, nani kauza nyumba, nani kadanganya, na weye wapi umebisha usipokuwa na haki ya kubisha. Bi arusi keshapambwa, baba yake kashika bakora, halafu mkanizibia dirisha. Mwaka mzima nimo humu na nusu ya kisa. Mwanifunga kama samaki wa barafu wa kuuza Malindi!"

"Mama," kakangu akasema, "si ulisema walala vizuri?"

"Nalala! Nitafanya nini jingine? Hapasikiki kitu." Kisha akamwona uso wake, akamnyoshea mkono, akamvuta akae kitandani. "Mwanangu, baridi yako ni nzuri, na Mungu atakulipa. Lakini haina habari."

Baba alichukua rimoti. Hajui kuitumia, akabonyeza, baridi ikazidi, akabonyeza tena, mashine ikaanza kupeperusha ulimi wake juu na chini. "Zima kitu hiki! Zima!" alipiga kelele, na kakangu, machozi yamtoka na kicheko chamtoka, akachomoa waya ukutani. Nikachukua kisu cha jikoni nikakata gundi ya dirisha. Vibao vilifunguka kwa shida. Joto liliingia, kisha sauti za kichochoroni, mtu akiuza mihogo, mtoto akilia, televisheni ya jirani. Mama akafumba macho, akatabasamu.

"Haya," akamwambia Ami. "Nendeni nje mkae mahali penu. Nawasikiliza."

Walikaa. Ami alivuka kwanza akazima chake, akarudi na dhumna. Alisimulia tangu mwanzo, kwa kuwa kisa kama kile hakiwezi kuanzwa katikati, na alipofika penye bakora adhana ya magharibi ikaingia. "Kesho," akasema. Ijumaa mwanawe alikuja, akaacha gari Ngomeni, akangoja. Ami alikuwa barazani, bwana arusi bado hajarudi. "Nenda kwanza, mwanangu," akamwambia. "Ntakuja Ijumaa ijayo." Mwanawe akaondoka na sanduku moja la nguo, ambalo hivi sasa bado liko Tudor, na Ijumaa ijayo bado haijafika.

Kiyoyozi hatukukitupa. Siku za jua kali huwashwa adhuhuri kwa ajili ya presha ya Mama, na alasiri huzimwa kabla ya kipande cha kwanza cha dhumna kugonga meza. Nyumba za jirani, zisije zikapitwa, nazo zafungua madirisha saa hiyo. Hata mwenyekiti afungua moja. Mwalimu wangu aliniuliza ni kitu gani kilichopunguza umeme katika kichochoro kile, fedha au utawala. Nikamwambia ni mamangu, yuwataka kujua habari za watu. Akasema hilo haliingii kwenye jedwali.

Kisa chenyewe, mpaka naandika haya, Ami hajakimaliza. Bwana arusi ameshapitia kwa kinyozi, amegombana na kinyozi, ameonekana Makupa, amepanda meli kwa makosa. Juzi nilikuwa nikimkanda Mama miguu chini ya dirisha, sauti ya Ami yaingia, na Baba ambishia kwamba siku hizo Makupa hapakuwa na kinyozi. Nikamuuliza Mama kwa sauti ya chini, "Hivi kweli huyu bwana alikwenda wapi?"

"Alirudi saa nne asubuhi hiyo hiyo, kanyolewa, akafunga nikaha yake. Miye nilikuwepo, biryani yao niliila."

"Mama! Kumbe wajua! Basi mbona ulimuuliza?"

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Nyamaza weye. Wataka aende Tudor?"